Huko Tahiti hakuna watu?

Najua nimepotea wiki tatu, kazi za gazetini zilinibana. Leo nimerudi na jambo linalonikera, na kwa bahati mbaya mkosaji wa kwanza katika jambo lenyewe ni mimi mwenyewe.

Iko hivi. Mwezi uliopita mhariri wa toleo la Jumapili aliniita mezani kwake. Kulikuwa na tangazo la wakala wa safari, robo ukurasa, na pembeni yake nafasi ilikuwa tupu. "Nipe maneno 600. Mambo kumi muhimu ya kubeba ukienda Tahiti. Nayataka kabla ya saa kumi." Nikamwambia sijawahi kufika Tahiti. Akacheka. "Kwani nani humu kafika?"

Basi nikafanya tunachofanya wengi wetu tukibanwa. Nikafungua tovuti sita za Kiingereza, nikachota huku, nikachota kule, saa tisa na nusu makala ikawa tayari. Mafuta ya kujikinga na jua. Miwani ya jua. Kofia pana. Ndala. Nguo mbili za kuogelea, moja ikilowa uvae nyingine. Dawa ya mbu. Kamera isiyoingia maji. Jumapili ikatoka na picha kubwa ya vile vyumba vya hoteli vilivyosimama juu ya maji kwa nguzo. Jina langu hapo juu. Nilijisikia vizuri, sitawadanganya.

Siku hiyohiyo nikapanda basi kwenda Tanga kumjulia hali shangazi yangu, gazeti mkononi. Shangazi akavaa miwani, akasoma makala yote hadi mwisho. Kisha akaniuliza: "Baba, nimesoma. Kofia, miwani, mafuta ya ngozi. Sasa huko hakuna watu?"

"Wapo, shangazi."

"Wanakula nini?"

Nikanyamaza. Mwandishi wa habari mwenye shahada ya chuo kikuu, aliyeandika maneno 600 kuhusu nchi ya watu, sijui wanakula nini. Shangazi akakunja gazeti, akaendelea na kukuna nazi zake.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, safari hii nikisoma kwa adabu. Na nimefikia kuamini hivi: zile orodha za "mambo muhimu ya kubeba" ni uongo. Kila kilichoandikwa mle kinaweza kuwa kweli, jua la kule kali na mbu wapo, lakini orodha nzima ni uongo, kwa sababu inamfundisha msafiri kuwa Tahiti ni hali ya hewa tu. Inamwambia namna ya kujikinga na mahali. Haimwambii kuwa anaingia nyumbani kwa watu.

Hebu tuanze na kipengele cha kwanza cha orodha yangu, "pasipoti isiyopungua miezi sita". Nilikinakili kama nilivyokikuta. Aliyekiandika mwanzo bila shaka alikuwa na pasipoti ya Marekani au ya Ulaya. Wewe na mimi wenye pasipoti ya Tanzania tunahitaji viza. Tena viza ya Schengen inayokufikisha Paris haitoshi peke yake, maana Polinesia ya Kifaransa iko chini ya Ufaransa lakini haimo katika eneo la Schengen. Viza lazima itaje kuwa inahusu kule. Ukiamua kupitia Los Angeles, Wamarekani nao wanataka viza yao hata kama unabadilisha ndege tu. Kwa hiyo nilimwandikia msomaji wa Kitanzania makala ya kumsaidia kusafiri, nikamwachia kofia na miwani, nikamnyima habari pekee ambayo ingemzuia kurudishwa uwanja wa ndege. Hayo ndiyo matunda ya kunakili.

Lakini hilo ni dogo. Twende kwenye kubwa.

Nani aliyeanza kutuambia kuwa Tahiti ni pepo isiyo na watu wenye shughuli zao? Mwaka 1767 meli ya Kiingereza ya nahodha Samuel Wallis ilifika pale, na muda si mrefu ikawa inapiga mizinga kwenye mitumbwi ya wenyeji. Mwaka uliofuata, 1768, akaja Mfaransa Bougainville. Akakaa siku kama kumi tu, akakipa kisiwa jina la kisiwa cha mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki, akarudi kwao kuandika kitabu. Siku kumi! Na zaidi ya miaka 250 baadaye matangazo bado yanauza hadithi ileile. Aliondoka na kijana wa Kitahiti aitwaye Ahutoru, akamtembeza Paris kama ajabu la msimu. Ahutoru hakufika tena kwao. Alikufa kwa ndui mwaka 1771, safari ya kurudi ikiwa imefika Madagascar. Yaani mmoja wa Watahiti wa kwanza kuiona Ulaya alimalizikia katika bahari yetu hii ya Hindi, na mimi nimesoma historia kuanzia darasa la tatu hadi chuo kikuu bila kusikia jina lake.

Sasa swali la shangazi. Wanakula nini? Wanakula shelisheli! Wenyewe wanaliita *uru*. Wanalichoma, wanalipika katika tanuri la mawe chini ya ardhi, na tangu zamani wanajua kulivundika likae muda mrefu. Wanakula samaki mbichi aliyekolezwa ndimu na tui la nazi. Mshelisheli asili yake ni kulekule Pasifiki. Na kuna sababu mbaya ya mti huo kuingia katika vitabu vya dunia. Wengi mmesikia habari za meli ya Bounty iliyoasiwa na mabaharia wake mwaka 1789, filamu zake zipo kadhaa. Ilikuwa imebeba nini? Miche ya mshelisheli zaidi ya 1,000 kutoka Tahiti. Ilikuwa inapelekwa wapi? Visiwa vya Karibi, kiwe chakula cha bei rahisi cha watumwa kwenye mashamba ya miwa. Watumwa wa wapi? Waafrika. Safari ile ilishindwa, lakini nahodha Bligh alirudi tena, na mwaka 1793 miche ikashushwa St Vincent na Jamaica.

Ndugu zangu, hiyo ni habari inayotuhusu kuliko miwani ya jua.

Halafu kuna zile nyumba za juu ya maji, ile picha iliyopamba makala yangu. Nilidhani ni nyumba za jadi. Wapi! Za kwanza zilijengwa mwaka 1967 katika kisiwa cha Raiatea na Wamarekani watatu wenye hoteli. Sasa shikeni mwaka huo, 1967, kisha muuweke karibu na mwaka mwingine, 1966. Tarehe 2 Julai 1966 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia huko Moruroa, kisiwa cha matumbawe kilicho zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tahiti, ndani ya Polinesia hiyohiyo. Septemba mwaka huo Rais de Gaulle mwenyewe alikwenda kushuhudia mlipuko mwingine. Hadi wanaacha mwaka 1996 walikuwa wamefanya majaribio 193 huko Moruroa na Fangataufa. Ya mwanzo 46 yalifanyika hewani, hadi mwaka 1974. Vumbi la mionzi halikujua mpaka.

Kwa nini huko? Kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wakilipulia Afrika. Bomu la kwanza kabisa la Ufaransa lililipuliwa tarehe 13 Februari 1960 katika Sahara ya Algeria. Waalgeria wakapata uhuru mwaka 1962, ikabidi patafutwe pengine. Pakapatikana mahali ambapo dunia ilikuwa imeshazoeshwa kuona mchanga na minazi. Tuwe wakweli: kisiwa ambacho kichwani mwako hakina watu ni rahisi kukifanyia lolote.

Nao hawakukaa kimya, msije mkadhani. Mwaka 1958 de Gaulle aliitisha kura ya maoni katika makoloni, kubaki na Ufaransa au kuondoka. Sisi Waafrika tunaikumbuka kura ile kwa sababu ya Sékou Touré na Guinea yake iliyosema hapana. Nani anakumbuka kwamba Tahiti nako kulikuwa na mzee aliyepiga kampeni ya hapana? Anaitwa Pouvanaa a Oopa. Alishindwa kura, akakamatwa mwaka huohuo, akahukumiwa mwaka 1959 kifungo cha miaka minane na kufukuzwa kwao miaka 15, kwa madai kwamba alipanga kuuchoma mji wa Papeete. Mwaka 2018 mahakama ya Ufaransa ilifuta hukumu ile. Mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1977.

Na kwa sisi wa kazi hii ya kalamu na kamera kuna jina jingine: Fernando Pereira, mpiga picha. Tarehe 10 Julai 1985 alikuwa ndani ya meli ya Rainbow Warrior katika bandari ya Auckland, wakijiandaa kwenda Moruroa kupinga majaribio. Majasusi wa Ufaransa wakailipua meli, akafa. Mwenzetu alikufa akielekea kuonyesha habari ambayo sisi wa kurasa za safari tunaipita kila Jumapili tukikimbilia mafuta ya ngozi.

Rais Macron alipofika Papeete mwaka 2021 alikiri kuwa Ufaransa ina deni kwa Polinesia kwa sababu ya majaribio hayo. Neno samahani hakulitamka. Mwaka 2023 chama cha Tavini kinachotaka uhuru kilishinda uchaguzi wa bunge la kule. Mambo hayo ni ya juzi.

Najua kuna watakaonijia juu. "Kaka, watu wanakwenda fungate, hawaendi darasani. Unataka mtu alipe mamilioni akasome habari za mabomu?" Na wengine: "Utalii ndio unawalisha. Ukiwatisha wageni unawanyang'anya tonge."

Hoja hizo nimezifikiria. La kwanza, sikumwambia mtu asipumzike. Anayekwenda harusini kwa watu anapumzika, anacheza, anakula pilau, lakini kabla ya kutoka nyumbani anauliza bwana harusi ni nani na kama kuna msiba ndani ya familia, asije akasema jambo likaharibu. Huo ni ustaarabu wa kawaida, kwa nini tuuache nyumbani tukipanda ndege? La pili, ni kweli utalii unalisha nyumba nyingi kule. Ndiyo maana inafaa mgeni ajue anamlisha nani. Mtu aliyefundishwa kuwa hakuna watu atashuka uwanjani Faa'a, atapandishwa ndege ya Bora Bora, atalala hotelini, atakula hotelini, ataondoka. Aliyeambiwa kuwa kuna watu atalala siku mbili kwenye nyumba ya wageni ya familia, atanunua samaki sokoni Papeete, hela itafika mikononi mwao. Mimi naona mgeni wa pili ndiye anayewalisha.

Wenyewe wameshatuonyesha kuwa wageni hawawatishi, ujinga wa wageni ndio unaowachosha. Kwenye michezo ya Olimpiki ya 2024, mashindano ya kuteleza juu ya mawimbi yalifanyika Teahupo'o, kijiji cha Tahiti. Waandaaji walitaka kujenga mnara mpya wa aluminiamu wa waamuzi juu ya mwamba wa matumbawe. Mwaka 2023 wanakijiji, wavuvi na vijana wa mawimbi wakaandamana. Hawakukataa Olimpiki. Walitaka matumbawe yao yaheshimiwe, na hasa Desemba mwaka huo chombo cha ujenzi kilipojaribu kupita kikavunja matumbawe, dunia ikaona walikuwa na hoja. Mnara ukapunguzwa, mashindano yakafanyika.

Kuna jingine linaloniudhi katika makala yangu. Niliandika "usikose kuona ngoma za asili zenye kusisimua". Kusisimua! Ngoma zile zina historia ya kupigwa marufuku. Wamisionari wa London walifika mwaka 1797, na baada ya mfalme Pomare wa Pili kubatizwa zikaja sheria zilizokataza ngoma na michoro ya mwilini. Michoro hiyo wao wanaiita *tatau*, na hilo ndilo neno ambalo dunia nzima, pamoja na vijana wetu wa Kinondoni, tumelichukua tukaliita tatuu. Tamasha la Heiva la kila Julai lilianza mwaka 1881, likiwa ndani ya sherehe za taifa la Ufaransa, maana hiyo ndiyo nafasi waliyopewa wenyeji. Wakaingia na ngoma zao kwa mlango huo, hadi leo tamasha ni lao. Nawe unakaa mbele unapiga picha, unasema inasisimua.

Basi nimeiandika upya orodha yangu. Bure, bila tangazo pembeni.

Moja, viza sahihi kama nilivyoeleza hapo juu, mapema.

Mbili, saa. Papeete wako nyuma yetu saa 13. Jumatatu saa mbili asubuhi Dar, kwao bado ni Jumapili saa moja jioni. Usimpigie mama usiku wa manane.

Tatu, adapta. Plagi zao ni za Kifaransa, zetu za pini tatu hazitaingia. Fedha yao ni faranga ya Pasifiki, na euro moja ni sawa na faranga 119.33 bila kubadilika.

Nne, viatu vya mpira vya kuingilia majini. Kuna samaki mwenye miiba ya sumu anayefanana na jiwe, na ukimkanyaga hutasahau. Mafuta ya jua beba, lakini chagua yasiyodhuru matumbawe. Mbu wa kule hawana malaria, wana homa ya dengi, na hao wanauma mchana.

Tano, mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili ndio msimu wake.

Sita, nguo ya heshima. Jumapili watu wanakwenda kanisani, na kina mama wanapendeza kwa magauni na kofia zao. Ukialikwa ingia, usikilize wanavyoimba, lakini usiende na nguo ya ufukweni. Wana vazi la kujifunga linaloitwa *pareu*. Ukiwa na kanga yako kutoka nyumbani hutaonekana mgeni sana.

Saba, vua viatu mlangoni. Hili halihitaji maelezo kwa aliyelelewa pwani.

Nane, maneno mawili: *ia ora na* ni salamu, *māuruuru* ni asante. Kutoa bahşishi si desturi yao, na kuvutana bei kama Kariakoo pia si desturi yao. Ua la *tiare* likiwa sikio la kushoto maana yake moyo una mwenyewe, la kulia maana yake uko huru. Chunguza kabla ya kujichomekea.

Tisa, ijue mipaka ya heshima. *Marae* ni viwanja vya ibada na mikutano vya mababu. Taputapuatea ya Raiatea imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2017. Usipande juu ya mawe kupiga picha. Neno lao *tapu* ndilo Wazungu walilogeuza kuwa neno lao la mwiko. Kwa hiyo wanaojua miiko ni wao, wewe uliza.

Kumi ndilo nililolikosa mwanzoni: majina ya watu. Ahutoru. Pouvanaa a Oopa. Moruroa pia uliweke humo ingawa ni jina la mahali. Hayana uzito, hayalipiwi mzigo.

Nilimpelekea mhariri makala hii nikaomba nafasi ya masahihisho. Akasema masahihisho ni pale tulipokosea jina au tarehe, na mimi sikukosea jina lolote. Kweli. Sikukosea jina lolote kwa sababu sikuandika jina la mtu hata mmoja.

Kwa hiyo masahihisho yangu ni haya hapa. Shangazi nimeshampigia simu kumwambia wanakula shelisheli. Akauliza kama wanalitia nazi. Nikamwambia tui lao liko kwenye samaki. Akasema basi nikipata nauli nikawasalimie.

Tuendelee kujuzana. Aliyefika kule aniambie nilipopotoka.